Aliyeoshwa Alhamisi

Mkutano wa kujadili kama watu waruhusiwe kukutana ulihudhuriwa na watu wengi kuliko harusi yoyote niliyopata kuiona kwetu. Walijaa uwanja wa mpira wa shule kutoka goli moja hadi la pili, wakabanana mabega na kupigiana chafya usoni, na wote walikuwa wamekuja kulalamika kwamba wamechoka kutengwa. Mimi nilikaa nyuma, upande wa wanawake, pamoja na binti yangu Mbeyu, nikawa nawatazama na kuwadharau mmoja baada ya mmoja. Nafasi ya kufanya hivyo nilikuwa nayo, maana tuliachiwa mkeka mzima. Ni Kahaso peke yake, Mgiriama aliyeolewa kwetu akasilimu, aliyekuja amechelewa akakaa ubavuni mwetu, akafungua pindo la leso na kutugawia karanga.

Mimi ni Mwanatumu, mwosha maiti. Kwa miaka kumi na tisa, mwanamke akifa huku kwetu kusini ya Munje, ninayeitwa ni mimi, na tangu Mbeyu avunje ungo ndiye anayenimiminia maji. Watu wananihitaji siku moja, na siku nyingine zote wananikwepa. Nikiingia dukani wananipisha, wala si kwa heshima. Nimezoea, lakini sitasema kwamba hainiumi.

Ulikuwa mwaka wa nane wa uhuru. Redio ilikuwa imetuambia kwamba kipindupindu kimetoka mbali huko Asia na kinazunguka dunia bandari kwa bandari, na sisi tukadhani dunia inayosemwa si hii yetu, kwa sababu hata lami haijatufikia. Kikatufikia. Hapo ndipo serikali nayo ilipotukumbuka. Aliletwa Bwana Afya, kijana mwembamba aitwaye Thoya, mwenye baiskeli, daftari, pipa la dawa nyeupe inayochoma pua na kamba nene ya katani. Kamba ilifungwa kukata barabara, akawekwa askari wa kuilinda, na tukaambiwa hiyo ndiyo karantini.

Sheria zilikuwa nyingi na kila moja ilimgusa mtu pale panapomuuma. Hakuna harusi. Hakuna hanga, yaani yale matanga yetu ambayo watu hukaa siku tatu hata saba kwa marehemu wakila sinia moja. Hakuna mnazi kilabuni, hakuna mahamri wala bajia njiani. Birika la msikiti likakaushwa. Visima vya wazi vikafunikwa kwa mbao na kukazwa kwa waya, na maji ya kunywa yakawa yanatoka kwenye pampu ya shule peke yake, tena yachemshwe. Na yeyote atakayekufa, hata kwa kuanguka kutoka mnazini, Bwana Afya aitwe amtazame kwanza kabla hajaguswa.

Mwezi wa kwanza walikufa watu kumi na mmoja. Saba walikuwa wanawake, na wote niliwaosha kwa glavu na dawa ya Thoya mpaka ngozi ya mikono ikanibambuka. Halafu kukatulia. Wiki ikapita, ya pili ikaanza, hakuna mgonjwa. Wakati watu wanakufa hakuna aliyekuwa na la kusema; sasa wamepona, kila mmoja akaota maoni. Kijiji kikagawanyika pande mbili, wa Kufungua na wa Kufunga, na mtu na nduguye wakaacha kusalimiana. Chifu alipoona watakuja kupigana akaitisha baraza, Jumatatu asubuhi, watu waseme mbele ya Thoya. Thoya ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Akiridhika kwamba wiki mbili kamili zimepita bila mgonjwa wala kifo cha maradhi yale, kamba inakatwa siku hiyo hiyo.

Kiongozi wa Kufungua alikuwa Chirau, mwenye duka kubwa na lori la mbata. Alisimama amevaa kanzu mpya, akasalimia kwa salamu ndefu yenye dua ndani yake, kisha akaanza kulia bila machozi.

"Ndugu zangu, tumekuwa wafungwa katika nchi huru," alisema. "Mtoto haolewi. Maiti haliliwi. Msikiti hauna tone la maji. Mwingereza mwenyewe hakutufanyia haya. Kesho mbele ya Mola tutasema nini?"

Huyo anayemlilia Mola ni mtu ambaye msikiti humwona Idi mbili kwa mwaka. Lori lake lilikuwa limelala wiki sita bila kwenda Ukunda, na mbata zilikuwa zinamwozea ghalani. Hilo ndilo lililokuwa likimliza. Lakini watu waliitikia kwa kishindo. Ngala, mgema wetu, alisimama baada yake akatetea desturi za wazee kwa uchungu mkubwa, na desturi zote alizozitaja zilikuwa zile zinazonyweshwa mnazi.

Kisha akasimama Mwalimu Menza, mkuu wa shule na kiongozi wa Kufunga. Yeye alituambia habari za viini visivyoonekana kwa macho, akatuita wajinga kwa maneno ya adabu, akasema ni afadhali tufungwe mwaka mzima kuliko kuharakisha. Alisema kweli, na hilo ndilo lililonichukiza zaidi. Shule ilikuwa imefungwa wiki sita, mshahara wake unakuja, na shamba lake la mihogo halijawahi kupaliliwa vizuri kama wakati ule. Mtu yule angeomba karantini ya maisha.

Walirushiana maneno hivyo mpaka jua likapanda. Mmoja akamwita mwenzake muuaji, mwenzake akamwita kafiri, na wote wawili walikuwa wamesimama safu moja msikitini maisha yao yote. Mimi nilitafuna karanga za Kahaso. Mbeyu hakutafuna.

"Mama," alininong'oneza, "hakuna atakayesema?"

"Nyamaza," nikamwambia.

Hapo Chirau akasimama mara ya pili. "Wiki mbili," alisema, akainua vidole viwili. "Aliyemwona mgonjwa katika wiki mbili hizi na asimame tumwone." Alizungusha macho uwanja mzima, akayaleta mpaka kwangu, akatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mkwewe. "Na mimi niseme wazi. Kamba ikikatwa leo, Jumapili inayokuja namwoza mwanangu Mbwana, amwoe Mbeyu binti Mwanatumu. Nyote mmealikwa."

Uwanja ulishangilia. Wanawake waliotuachia mkeka mzima waligeuka kunitazama kana kwamba wameniona siku hiyo. Ili tabasamu lile lieleweke, sina budi kurudi nyuma siku nne, Alhamisi.

Alhamisi asubuhi Chirau alikuja kwangu mwenyewe, mtu ambaye siku zote hutuma. Alisema mamake, Bi Mwanaima, alilala kitandani juzi jioni na sasa amefariki kwa uzee. Bi Mwanaima alikuwa amepita miaka themanini, na mtu wa umri huo akifa hakuna anayeuliza. Mimi na Mbeyu tukachukua kata ya kuchotea maji na vitambaa vyetu tukaenda. Nyuma ya nyumba shuka na godoro vilikuwa vinachomwa moto.

Nilipomfunua yule bibi nilijua. Macho yalikuwa yamezama kichwani. Tumbo limeingia ndani. Ngozi ukiibana inabaki vile ulivyoibana. Vidole vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima, na vidole hivyo nilikuwa nimeviona kwa wanawake saba. Mtu hafi kwa uzee kwa siku moja na nusu.

"Bwana Afya ameitwa?" nilimuuliza Chirau mlangoni.

"Aitwe kwa uzee?" alisema. "Bi Mwanatumu, wewe ni mwosha. Sitara unaijua kuliko mimi."

Naijua. Mwosha hufundishwa sitara kabla hajafundishwa kushika kata. Alichokiona kwenye mwili, alama, kidonda, harufu, uso uliobadilika, hukiacha pale pale na hakitoki naye nje. Ndiyo maana watu hutukabidhi mama zao. Nimeona mengi ambayo nitazikwa nayo, na hilo ninajivunia.

Mbeyu alikwenda nje kuchota maji, akarudi ndoo imejaa upesi mno. Alifunga mlango.

"Mama, haya maji ni ya kisima chao," alisema. "Waya wa Bwana Afya umekatwa, umepachikwa tu kwa juu. Wamekuwa wakichota siku zote. Na tazama hapa." Alinionyesha chini ya kitanda, pale walipochimba ufuo, lile shimo ambalo maji ya kuoshea maiti huteremkia na kuishia humo. "Ukuta huu, halafu hatua nne, halafu kisima. Nimezihesabu."

Ufuo huchimbwa chumbani mwa marehemu. Ndivyo tulivyofanya tangu enzi za mababu, na hakuna aliyewahi kuuliza ukuta wa nyuma yake unapakana na nini. Ningeweza kusema tusitishe. Badala yake nilimimina dawa yote iliyokuwa imebaki kwenye mkebe wangu, nikajiambia inatosha, nikaanza kuosha.

Tulipomaliza, Chirau alinisubiri ukumbini. Hakunitisha. Angenitisha ningemtemea mate. Alinishukuru kwa upole, akasema sheria hairuhusu watu wengi, basi mazishi yatakuwa ya watu wanne tu na hanga itangojea. Sheria ile ile aliyokuwa akiitukana dukani kila siku ndiyo iliyomfichia maiti yake. Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Na ile shughuli ya watoto wetu, mimi naona tuiharakishe."

Miaka miwili Mbwana na Mbeyu walikuwa wanapendana, na miaka miwili Chirau alikuwa na sababu. Mara nyumba haijaezekwa, mara Mbwana bado mdogo, mara mwezi si mzuri. Sababu yenyewe aliisema dukani kwake mbele ya watu, na watu wakaniletea: hataki mpishi wa nyumba yake awe na mikono inayomwagia maiti maji. Niliposikia nililia siku nzima. Sikujililia mimi. Nilimlilia Mbeyu, kwa sababu nilijua nikifa atarithi kata yangu, mkeka mtupu na njia ya kupishwa na watu mpaka azeeke. Nilitaka atoke katika kazi hii kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani. Mlango wa pekee wa kutokea ulikuwa nyumbani kwa Chirau, na Alhamisi ile aliufungua kwa mkono wake.

"Inshallah," nilimjibu.

Tulipokuwa tukirudi Mbeyu aliniuliza kama tutapitia kwa Thoya. Nilimwambia mwosha hasemi.

Sasa turudi uwanjani. Watu walipomaliza kushangilia, Thoya alisimama na daftari lake. Alikuwa kijana, na sauti yake haikuwa kubwa, lakini hakuwa mjinga.

"Naomba kuuliza jambo moja tu," alisema. "Katika wiki mbili hizi, kuna aliyekufa, kwa lolote?"

"Mama yangu mzazi," Chirau alijibu, akashusha uso. "Bibi wa miaka themanini na zaidi."

Watu wakasema innalillahi kwa pamoja.

"Pole, mzee. Mbona sikuitwa?"

"Mwanangu, na uzee nao ni wa kuandikwa daftarini?"

Uwanja ulicheka. Mwalimu Menza aliruka kusema kwamba sheria ni sheria, wala hakusema kwa sababu alijua neno. Alisema apate kushinda. Akazomewa. Wa Kufungua wakaanza kupiga makofi ya kumalizia mkutano, chifu akaanza kukusanya fimbo na kofia yake. Hapo nilihisi mkeka unasogea. Mbeyu alikuwa amesimama.

"Shikamooni wazee," alisema. "Mimi ndiye niliyemmiminia maji Bi Mwanaima siku ya Alhamisi. Hakufa kwa uzee. Alikuwa kama wale wengine saba. Na kisima cha pale nyumbani waya wake umekatwa, na maji ya kumwoshea yameishia ufuoni, hatua nne kutoka kisimani. Nawaomba msikate kamba."

Alisema hivyo tu, akabaki amesimama. Uwanja mzima uligeuka kumtazama. Nilimtafuta Mbwana kwa macho nikamwona karibu na babake, anachunguza ndara zake. Mtu aliyemwandikia mwanangu barua za miaka miwili, siku hiyo hakuthubutu hata kukohoa.

Nilidhani Chirau atafoka. Hakufoka, kwa sababu alikuwa mfanyabiashara. Aligeuka polepole akaninyooshea mkono kwa heshima.

"Huyu ni mtoto, tena ni mkwe wangu, simlaumu," alisema. "Ameona maiti wengi, ameingiwa na hofu. Lakini mwosha mwenyewe yuko hapa. Aulizwe mwosha."

Thoya akaja mpaka kwenye mkeka wetu. "Mama Mwanatumu, shikamoo. Ni kweli anayosema binti yako?"

Nilikuwa nimekaa pale asubuhi nzima nikiwapima watu. Huyu anataka lori lake, huyu anataka likizo yake, huyu anataka mnazi wake, na wote wanayatia mambo yao jina la Mungu au la elimu. Niliwacheka kimoyomoyo nikajiona mimi peke yangu ndiye mtu mzima uwanjani. Sasa ikafika zamu yangu. Nilimwona Mbeyu amesimama mbele yangu, na nilichokiona si uso wake. Niliona Jumapili. Nilimwona amevaa leso za harusi anaingia nyumba ile, na kata yangu imebaki kwangu.

Nikainuka. Nikajifunika vizuri.

"Bwana Afya," nilisema, "mimi ni mwosha. La maiti sisemi. Ningelisema moja leo, nani angenikabidhi mamake kesho?"

Uwanja ulipumua. Mzee mmoja wa msikitini akasema mashaallah, mwingine akasema huyo ndiye mwanamke. Wa Kufunga na wa Kufungua, ambao tangu asubuhi hawakukubaliana hata juu ya kivuli kimeelekea wapi, walikubaliana juu yangu. Mwalimu Menza naye alitikisa kichwa kwa heshima. Sijawahi kusifiwa na watu wengi namna ile, kabla wala baada.

"Mama, siulizi aibu ya maiti," Thoya alisema taratibu. "Naulizia walio hai."

"Nimesema, mwanangu."

Najua alijua. Kisha akasema atakwenda kukitazama hicho kisima, na Chirau akasema karibu, karibu sana. Mbwana hakuonekana tena ubavuni mwa babake. Thoya alipofika pale pamoja na chifu na nusu ya kijiji, waya ulikuwa umekazwa vizuri pande zote, na mwanangu alionekana mwongo mbele ya macho ya watu. Daftari halikuwa na kitu cha kuandikwa. Adhuhuri askari alikata kamba kwa panga, watu wakagawana vipande.

Mbeyu hakunisemesha siku hiyo wala siku ya pili. Alipika, alifagia, alinipa chakula kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Nilijiambia atanielewa akiwa na nyumba yake.

Hanga ya Bi Mwanaima ilianza jioni ile ile, siku tatu, maana Chirau alitaka ionekane kwamba mamake aliheshimiwa. Watu waliokuwa na njaa ya kukaa pamoja walikaa pamoja. Wali ulipikwa kwa masufuria makubwa, sinia zikazungushwa, mikono kumi katika sinia moja, na maji ya kunywa na ya kunawia yalitoka kisimani, hatua nne kutoka ufuoni. Kahaso alikuwa mmoja wa wapishi. Alipita kwangu Jumanne kuniletea ukoko wa wali, akasema watu wananisifu kote, kisha akamtazama Mbeyu na asiseme zaidi. Sisi wawili hatukuitwa. Nilifikiri ni kwa sababu ya harusi, kwamba bibi harusi hafai kuonekana.

Ijumaa asubuhi alikuja mke wa Chirau. Hakukaa. Alisimama kizingitini na mtandio wake umeziba pua.

"Bwana anakusalimu," alisema. "Anasema posa ameivunja. Anasema wewe ni mtu wa heshima na kila mtu ameona, lakini binti mwenye mdomo vile hatuwezi kumweka ndani. Leo kisima, kesho atasema nini cha nyumba yetu?"

"Na Mbwana anasema nini?"

"Mbwana ni mtoto wa babake," alijibu, akaenda zake.

Mbeyu alikuwa ndani, alisikia yote. Sikuingia kumtazama. Nilijifunga buibui pale pale nikatoka, na nilitembea mpaka shuleni kwa kasi ambayo miguu yangu haikuwa nayo. Nilimkuta Thoya anafunga mifuko kwenye baiskeli. Nikamweleza yote: macho, vidole, godoro lililochomwa, waya, ufuo, jina la marehemu na jina la mwanawe. Nilisema kwa sauti kubwa, na waliokuwa pampuni walisikia. Sitara ile niliyoibeba miaka kumi na tisa niliimwaga kwa dakika tano, na nilisimama wima kama shujaa.

Thoya hakuandika. "Nimeletewa wagonjwa wawili alfajiri," alisema. "Watu wa hanga. Nilikuwa nakwenda kukifunga hicho kisima sasa hivi."

Hata ushujaa wangu haukuwa na kazi.

Kamba ilirudi kabla ya sala ya Ijumaa, na kisima kikapigwa misumari. Safari hii hakukuwa na baraza, hakukuwa na maoni. Wa Kufungua walijifungia majumbani wakasema wao daima walishauri hadhari. Mwalimu Menza aliwapitia watu madirishani kuwakumbusha kwamba yeye alisema, kana kwamba ametoa mtu mmoja kaburini kwa kusema. Chirau hakuugua. Kabla kamba haijarudi alikuwa amekwenda kukaa kwa shemeji yake Vanga, akisema ana msiba. Na mimi, usistaajabu, nikapata jina jipya. Wale wa pampuni walieneza habari, na watu wakasema Mwanatumu hakumwogopa tajiri, Mwanatumu alisimama akasema kweli. Mbeyu aliyeisema Jumatatu, ilipokuwa na faida, hakutajwa na mtu.

Walikufa tisa. Watano walikuwa wanawake, na wa tatu wao alikuwa Kahaso.

Tulimwosha Jumanne asubuhi, mimi na Mbeyu, kwa glavu na dawa, na ufuo tuliuchimba mbali, nje kabisa, ndani ya uzio wa makuti. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya wengine. Mbeyu alimimina maji kwa utulivu, kichwa, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto, kama nilivyomfundisha. Tulipofika miguuni akasimamisha kata.

"Mama," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu kwa siku nane. "Yule mke wa Chirau asingekuja Ijumaa, wewe ungekwenda kwa Bwana Afya?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na aliningoja.

Nikamwambia sijui.

Nilikuwa najua, na yeye alikuwa anajua, na alinitazama tu vile nilivyokuwa nikiwatazama watu uwanjani siku ile, kisha akaendelea kumimina.